Nimesikia, Bi Rukia

Madiwani wapya wa mji wetu wamenijia mara tatu tangu nistaafu. Wanataka niwaandikie mambo ya kazi: jinsi vikao vinavyoendeshwa, namna ya kusema na karani wa mji asikununie, namna ya kusimama Bungeni iwapo siku moja watafika huko. Niliwaambia kanuni zote zimechapishwa na zinapatikana. Wameshikilia, nami nimechoka, sina tena nguvu ya kukataa mara ya nne. Basi nawaandikia. Vyeo nilivyopata mnavijua, vimo ukutani mwa ukumbi chini ya picha iliyonipa shingo nisiyokuwa nayo. Nitakayoyaandika ni yale yasiyokuwako ukutani, na mengi yake yanazunguka neno moja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Tononoka, hapa Mombasa, nilipoingia udiwani. Watu wa mtaa wetu wa Mji wa Kale walinichagua kwa sababu mbili: nilijua kuandika barua, na mgombea mwengine alikuwa amegombana na imamu. Mpaka leo wengi huniita Mwalimu, na kati ya majina yote niliyoitwa hilo ndilo lisilonichosha.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuapishwa nilifungua mlango nikakuta watu kumi na mmoja wameketi kwenye baraza ya nyumba yangu. Mmoja bomba lake lilikuwa halitoi maji. Mmoja jirani yake alikuwa akimwaga maji ya samaki chini ya dirisha lake. Mmoja hakuwa na shida yoyote, alitaka tu kuona diwani huamka saa ngapi. Nikawaahidi wote. Mwalimu akiulizwa hujibu, na mimi nilijibu: nitalifanya, nitalishughulikia, wiki hii haipiti. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nikirudi nyumbani kwa vichochoro vya nyuma ili nisikutane na watu wangu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni Mzee Kombo, diwani aliyekuwa amekaa kwenye baraza la mji tangu mimi nikivaa kaptura. Alikuwa mtafunaji wa tambuu, na kijaluba chake cha shaba hakikutoka mkononi hata kwenye vikao. Siku moja alinivuta kando, akafungua kijaluba, akajitengenezea tambuu polepole huku mimi nimesimama.

"Kijana, wewe wasema sana," akaniambia. "Mtu akikuya na haja yake, usimwambie nitafanya, maana hutofanya. Usimwambie haiwezekani, maana atakutukia, akuone adui. Mwambie nimesikia."

"Nimesikia tu?"

"Nimesikia. Umtazame matoni, kisha uandike kidogo kwenye daftari."

"Niandike nini?"

"Lolote. Mimi huandika jina la mke wangu."

Lazima niwaeleze, hasa ninyi mliokulia mbali na kisiwa hiki. Kwetu kusikia si kazi ya sikio peke yake. Mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mkaidi. Mama akimtuma mwanawe, na mtoto akajibu "nimesikia", mama harudii tena. Neno limepokewa na litafanywa. Ofisini mambo ni mengine. Kule nimesikia ni sikio tu: sauti yako imefika, sasa nenda zako. Mzee Kombo alikuwa akisimama katikati ya maana hizo mbili. Mwenye shida aliondoka na ile ya kwanza, yeye akabaki na ile ya pili, na hapakuwa na aliyesema uongo. Nilinunua daftari jeusi linaloingia mfukoni, na kalamu mbili kwa sababu moja daima huibwa na wenzako.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya Mwembe Tayari. Wachuuzi walikuwa wamepanga meza zao mbele ya maduka, pale mabasi ya bara yanaposhusha abiria, na wenye maduka walikuwa wameapa kuzitupa meza hizo barabarani. Kamati ikanituma. Asubuhi nikaonana na wachuuzi. Msemaji wao alikuwa mama mmoja muuza machungwa aliyekuwa akiendelea kumenya wakati wote akinisemesha, na alisema wao hawaondoki. Nimesikia, nikasema. Alasiri nikaonana na wenye maduka, wakasema wachuuzi lazima waondoke. Nimesikia, nikasema. Nilipigiwa makofi mara mbili siku moja na watu wasioweza kuonana. Ugomvi ulilala miezi minne, kila upande ukingoja diwani aunyamazishe upande wa pili, na ulipofumuka tena mimi nilikuwa nimehamishiwa kamati nyingine. Nilijiona hodari. Nawaeleza hilo ili mjue nilikuwa mtu wa aina gani siku Bi Rukia alipokuja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini madiwani wenzangu walinichagua meya. Wagombea wawili wakubwa walikuwa hawasemezani, nami nilikuwa nikisemezana na wote. Kuhusu umeya nina mawaidha mawili ya haraka. Mkufu wa meya ni mzito na hukwaruza shingo, kwa hiyo vaeni shati lenye kola ngumu. Na msiketi kwenye kiti cha wageni ofisini mwenu hata kwa mzaha, maana mtaona jinsi meza ile inavyomfanya aliye upande wa pili aonekane mdogo, na hamtalala.

Ofisini nilimkuta Bwana Mwakio, karani wa kamati, Mtaita, mzee wa kanisa siku ya Jumapili na mzee wa makaratasi siku zote zilizobaki. Kila Alhamisi aliniletea furushi la karatasi za kutia sahihi. Si kazi ya karani kumwambia meya asisaini, na Mwakio alikuwa mtu wa kushika mipaka yake. Alilofanya ni kukunja kona ya juu ya karatasi iliyohitaji kusomwa. Alinieleza mara moja tu, wiki ya kwanza.

"Mstahiki, ukiona kona imekunjwa, keti usome."

"Na isipokunjwa?"

"Hiyo hata kwa mkono wa kushoto utasaini."

Sijapata kuona chombo cha kazi bora kuliko kona zile za Mwakio. Zilituokoa na kiwanja cha umma kilichotaka kugeuzwa cha mtu, na mkataba wa taka uliokuwa na kurasa mbili zinazopingana. Mkipata karani wa namna hiyo, msimwachie mtu mwengine amchukue.

Jumatatu asubuhi ilikuwa siku ya wananchi, na Mwakio aliketi pembeni akiandika majina yao. Jumatatu moja, kabla ya mvua za masika, aliingia Bi Rukia. Nilimjua, kila mtu wa mtaa wetu alimjua. Alikuwa mke wa Bwana Shee, karani wa bandarini aliyestaafu, aliyepigwa na kiharusi na sasa alikuwa mwaka wa tatu kitandani katika chumba cha juu.

"Sabalkheri, Bi Rukia. Karibu uketi."

"Sabalkheri, mwanangu. Sikuya kuketi, lakini nitaketi, maana ngazi zenu ni nyingi."

Akatulia, akavuta pumzi, kisha akaanza. Nyumba ya pembeni kwao ilikuwa imenunuliwa na mfanyabiashara, Bwana Mansuri. Kichochoro chao kinapinda pale pale kwenye nyumba ile.

"Yuwataka kujenga ngazi ya saruji, ya nde, pale ndia inapopinda. Nimewaona mafundi wakipima."

"Ngazi ya nje, njiani? Watu hawatapita, mama?"

"Watu watapita. Jeneza halitapita."

Akafungua fundo la leso yake na kutoa kamba nyembamba ya katani iliyokunjwa vizuri, akaiweka juu ya meza yangu.

"Nalikwenda msikitini nikamuomba muadhini anitolee jeneza nilipime. Huno ndio urefu wake, pamoja na mikono ya kushikia. Mpe fundi wako akaipime pale pembeni, aone kama lapindika."

Nikamuuliza hali ya Bwana Shee.

"Yuwapumua," akasema. "Mwanangu, sisi wanawake hatwendi makaburini. Miaka arubaini na mbili nimemfungulia mlango akienda kazini, nikimtazama mpaka akate kona. Nataka na siku hiyo nimtazame. Atoke mlangoni mwake juu ya mabega ya watu, nimtazame mpaka akate kona. Sitaki jengine."

Nikamtazama machoni. Nikaandika kidogo kwenye daftari. "Nimesikia, Bi Rukia," nikasema.

Akaniombea dua ndefu, akafunga leso yake, akaenda. Hakuuliza lini wala vipi. Daftari lile ninalo bado, na ukurasa wa siku ile umeandikwa "nunua nyembe". Mkiniuliza kama nilikusudia kumsaidia, nitawajibu kwa haki: nilikusudia kukusudia. Kamba niliitia kwenye mtoto wa meza pamoja na mihuri.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, wageni wa mji mmoja wa ng'ambo walikuwa wakiningoja ukumbini, na mimi nilikuwa nimeshavaa mkufu. Mwakio akaleta furushi. Nikasaini nikiwa nimesimama. Katikati ya furushi palikuwa na kibali cha ujenzi chenye kona iliyokunjwa. Niliiona. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba meya hakuiona. Niliinyoosha kwa kidole gumba, nikasaini chini, nikaenda kuwaonyesha wageni mandhari ya mji.

Yaliyofuata niliyapata baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa watu wa kichochoro kile. Mafundi walipoanza kumwaga msingi, vijana wa mtaa walitaka kwenda kuketi juu ya mchanga wao kazi isimame. Wangeweza, watu wa Mji wa Kale wakiamua kuketi mahali hawaondoki. Aliyewazuia ni Bi Rukia mwenyewe, kutoka dirishani.

"Waacheni wafanye kazi yao," aliwaambia. "Mstahiki amesikia."

Aliamini kwamba fundi wangu ameshapima, na ngazi itawekwa mahali pake panapofaa. Ikapanda kidato cha kwanza, watu wakamtazama, akasema amesikia. Ikapanda cha tano, akasema amesikia. Wakati wa kutia vyuma vya kushikia aliingiwa na shaka, akaja tena ofisini. Mimi nilikuwa safarini. Alimkuta Mwakio, akamuuliza swali moja: Mstahiki alisikia kweli? Naye Mwakio, mtu asiyesema uongo hata kwenye simu, akamjibu: "Alisikia, mama. Mimi nilikuwapo." Akarudi nyumbani ameridhika.

Bwana Shee alifariki asubuhi moja ya mvua nyepesi, na mazishi yakawa baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda, kwa sababu ni wajibu, na kwa sababu mwanasiasa asiyeonekana mazishini huulizwa yuko wapi. Nilifika kichochoroni nikakuta jeneza tupu, likiletwa kutoka msikitini, limekwama penye kona. Wanaume walilisukuma mbele, wakalirudisha, wakainua upande mmoja mpaka mkono wake ukakwaruza ngazi ya Mansuri. Halikupinda. Hapo ndipo nilipoikumbuka kamba.

Imamu akaamuru jeneza libaki pale lilipo, upande wa barabarani. Wakaingia wanne, wakamtoa Bwana Shee akiwa ndani ya mkeka, mikononi, chini chini, kwa hatua fupi za watu wanaoogopa kuteleza. Bi Rukia alikuwa dirishani. Kutoka pale alipokuwa aliuona mkeka ukienda mpaka kwenye kona, kisha ngazi ikamficha kila kitu. Mumewe aliinuliwa mabegani upande wa pili wa ngazi ile, na yeye hakumwona.

Hakulia kwa sauti. Hakunitazama pia, ingawa alijua nipo, maana watu walikuwa wamenipisha. Nilitamani anitukane mbele ya mtaa mzima. Nilipata zamu ya kubeba kule barabarani, na nilikataa kupokewa mpaka makaburini. Nilikuwa na haya ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada.

Kesho yake nilikwenda na kamba pale kwenye kona, peke yangu, nikaivuta kutoka ukuta hadi ukuta. Nafasi ilipungua kwa shubiri moja. Niliipima mara tatu kwa kiganja changu na kila mara ilikuwa shubiri moja.

Bwana Mansuri aliniona akaniita ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alinitolea glasi ya sharubati na kibali chenye sahihi yangu, akaviweka mezani pamoja. Nikamweleza habari ya jeneza. Akaduwaa.

"Lakini, Mstahiki, kwa nini hapana aliyenambia?" akasema. "Shubiri ni kitu gani? Ningaliisogeza ngazi ile siku ile ile."

Sasa ilikuwa imeungwa na nguzo za nyumba, na fundi alisema kuivunja ni kuangusha ukuta. Nikanywa sharubati yote, nikaaga.

Ofisini Mwakio alikuwa akipanga karatasi. Alikuwa ameshapata habari.

"Kona niliikunja, Mstahiki."

"Niliiona, Bwana Mwakio."

Akaziweka karatasi chini. "Mama yule alikuja ulipokuwa safarini. Aliniuliza kama ulisikia, nikamwambia ulisikia. Kwa Kiswahili chetu sisi wa huko Taita sikusema uongo. Sasa naambiwa kwa Kiswahili chenu nilimdanganya." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ungeniambia kwamba hapa neno hilo ni ahadi."

Aliendelea kunifanyia kazi vizuri mpaka siku ya mwisho, lakini hakunitania tena.

Mngedhani baada ya hapo niliacha siasa, au angalau niliacha lile neno. Sikuacha. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuja na chama kikanisimamisha ubunge. Pale uwanja wa Tononoka, siku ya mkutano mkubwa, watu walisema shida zao mmoja mmoja: maji, shule, hati za ardhi, vijana wasio na kazi. Wavuvi wa Liwatoni walileta msemaji wao na malalamiko ya ukurasa mzima. Nilikuwa nimejiandaa kusema jengine, nimeliandika kabisa kwenye daftari. Kipaza sauti kikafika mdomoni, nikawatazama, nikasema: "Nimesikia." Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilishinda, na nilirudi nyumbani nikavua viatu nikakaa kitandani nikijichukia.

Siku za kwanza za Nairobi zilikuwa za baridi na kupotea. Chukueni soksi nyingi. Bungeni, ukianza hotuba kwa Kiswahili, maliza kwa Kiswahili. Ukichanganya na Kiingereza utakatizwa na mtu ambaye hana jengine la kufanya. Msiogope wale wanaosema kwa sauti kubwa. Waogopeni wanaoandika. Mimi nilichagua Kiswahili tangu siku ya kwanza na kilinisaidia, maana wengi walinyamaza ili wakisikilize kilivyo kitamu, hata kama hawakusikiliza nilichokuwa nikidai.

Swali langu la kwanza nililiandika mara saba. Nilitaka sheria iseme kwamba katika miji ya kale hakuna ujenzi utakaoruhusiwa kichochoroni kabla ya watu wa kichochoro hicho kuulizwa, na kabla ya kupimwa kama jeneza litapita. Nilisimama nikaliuliza. Mheshimiwa mmoja akainuka haraka.

"Jambo la nidhamu, Bwana Spika. Je, Mheshimiwa anataka maiti wapewe haki ya njia?"

Bunge likacheka, nami nikangoja kicheko kiishe. Kisha akasimama Waziri Msaidizi aliyepangiwa kujibu, mtu wa heshima, mpole. Akanitazama machoni.

"Bwana Spika, jambo hili ni zito na linagusa utu. Nataka kumhakikishia Mheshimiwa kwamba nimesikia."

Wabunge wakapiga miguu chini kwa kuridhika. Waziri Msaidizi akaketi na kuandika kidogo kwenye karatasi yake. Nami nikaketi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa upande ule wa meza aliokaa Bi Rukia, na sikuwa na hata kamba ya kumpa mtu. Niliuliza swali lile mara mbili zaidi katika miaka mitano. Mara zote mbili lilisikiwa.

Ndipo nilipoacha neno lile. Niliporudi Mombasa mwisho wa wiki, watu waliokuja barazani kwangu nilianza kuwaambia "hili sitaweza" na "hili nitajaribu, njoo uniulize baada ya Idi". Mambo matatu au manne niliyaweza, na nayajua yote kwa majina ya wenyewe. Lakini baraza ilianza kupungua watu. Wakasema Nairobi imeniharibu, nimepata kiburi. Mzee Kombo, ambaye sasa alikuwa hatoki ndani, aliniita anionye.

"Wafukuza watu kwa ukweli," alisema. "Mtu akikuya na shida haji kutaka ukweli. Ukweli anao nyumbani."

Huenda Mzee Kombo alikuwa na haki, huenda watu wengi walilala usingizi mwema kwa sababu yake. Mimi nilikuwa nimechoka. Uchaguzi uliofuata sikusimama, na hapana aliyenibembeleza.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilifungua masanduku niliyotoka nayo Nairobi, nikaikuta kamba. Nilikuwa nimekwenda nayo na kurudi nayo, nimefungia kanuni za Bunge zisitawanyike. Nikaifungua, nikaikunja vizuri, nikaitia mfukoni. Jumamosi, baada ya adhuhuri, nikaenda kichochoro kile. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikikwepa.

Bi Rukia alikuwa chumba kile kile cha juu, ameketi juu ya mkeka akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamepunguza nuru.

"Hodi, Bi Rukia. Ni mimi, Mwalimu."

"Najua. Wapanda ngazi polepole siku hizi. Karibu."

Nikaketi chini. Tukaulizana hali, za watu wa nyumbani, za Nairobi, za wajukuu. Kisha nikaitoa kamba nikamtia mkononi. Akaipapasa, akaifungua urefu wake wote, akaivuta.

"Mbona fupi?"

"Ni ile ile, mama. Sikuikata."

"Nalidhani ni ndefu zaidi," akasema.

Nikamwambia yote. Kwamba siku ile nilisema nimesikia na sikuwa nimelichukua jambo lake. Kwamba karatasi ilinifikia mkononi, ikiwa imekunjwa kona ili niisome, na sikuisoma. Kwamba ilikuwa shubiri moja. Kwamba Mansuri angesogeza ngazi kama mtu angemwambia, na kwamba vijana wangeizuia kama yeye hangewakataza kwa kuniamini mimi. Nilisema bila kupumzika. "Nimekuja unisamehe, Bi Rukia. Niwie radhi."

Aliikunja kamba kwenye vidole vyake.

"Na mimi nitapita wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, tayari, limezoea njia. Nikalimeza.

"Sijui, mama," nikasema. "Ngazi siwezi kuivunja. Utatolewa mikononi, vile vile alivyotolewa yeye."

"Mimi mdogo," akasema. "Hata watu wawili watanibeba." Akatabasamu kidogo, si kwangu. "Na dirishani hapatakuwa na mtu wa kutazama, kwa hivyo si neno."

Akaitia kamba katika pindo la leso yake, akalifunga fundo kwa meno. Kisha akaniinulia uso, akanielekezea macho yale yasiyoona vyema, akanitazama.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Nikamuaga, nikashuka. Pale kwenye kona nilisimama chini ya ngazi ya Mansuri mpaka mtu mmoja mwenye kapu akaniomba nimpishe. Sikurudi juu kumuuliza ni kusikia kupi.